Mtoto wa Jimbo Jingine

Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill hutangaza kiwango chake cha udahili kila mwaka, na katika miaka ya karibuni kimekuwa kikikubali chini ya mwombaji mmoja kati ya watano. Mzazi anayeishi Kentucky au Ohio akiiona takwimu hiyo hujiambia kwamba ni vigumu lakini inajaribika. Tatizo ni kwamba takwimu hiyo haimhusu mwanawe. Ndani yake yamechanganywa makundi mawili yasiyofanana hata kidogo. Waombaji ambao ni wakazi wa North Carolina hukubaliwa takriban wanne kati ya kumi. Wanaotoka majimbo mengine, ambao ndio wengi zaidi kwa idadi, hukubaliwa chini ya mmoja kati ya kumi. Mwaka 1986 bodi inayosimamia vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo iliweka kikomo kwamba, kati ya wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza pale Chapel Hill, wageni wasizidi asilimia 18.

Wazazi wanaozungumza Kiswahili wanaolea watoto Marekani huuliza, "Mwanangu ana nafasi gani?" Wanakuja na wastani wa alama, matokeo ya SAT, vyeti vya klabu na picha za mashindano ya sayansi. Vyote hivyo vina uzito. Lakini kwa chuo cha umma cha jimbo jingine kuna maswali mawili yanayotangulia: familia inaishi wapi, na nani atalipa. Msimamo wangu ni kwamba nafasi ya mtoto katika chuo cha namna hiyo ni tarakimu mbili zinazozidishwa, ya kukubaliwa na ya kulipika. Ikiwa mojawapo ni sifuri, jibu ni sifuri, hata nyingine iwe kubwa namna gani. Familia nyingi hupiga hesabu ya kwanza kwa miaka minne, kisha hukutana na ya pili mwezi Aprili, muda umeshakwisha.

Sababu ya mgawanyo huu ni ya kisiasa. Vyuo hivi vilijengwa na vinaendeshwa kwa sehemu na kodi za wakazi, na wabunge wa majimbo husikia kelele kila mtoto wa mpiga kura anapokataliwa. Texas ilipitisha mwaka 1997 sheria iliyowapa nafasi ya moja kwa moja wanafunzi walio katika asilimia kumi ya juu ya shule zao. Kwa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kizingiti kimekuwa kikipanda, na kwa wanaoanza msimu wa vuli wa 2026 ni asilimia tano ya juu. Mlango huo ni wa shule za Texas peke yake, na wageni hubakiwa na takriban sehemu moja ya kumi ya darasa. California nayo, kupitia bodi ya Chuo Kikuu cha California, iliweka mipaka mwaka 2017: wasio wakazi wasizidi asilimia 18 katika kampasi nyingi, huku Berkeley, Los Angeles na nyingine chache zilizokwisha kuvuka kiwango hicho zikizuiwa zisipande zaidi. Mwaka 2021 serikali ya jimbo ikakubali kutoa fedha ili Berkeley, Los Angeles na San Diego zishuke taratibu hadi asilimia hiyo hiyo 18.

Upande wa pili wa historia hii ndio unaowapoteza watu. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008 majimbo mengi yalikata ruzuku kwa vyuo vyao, na vyuo vikatafuta fedha kwa mgeni anayelipa ada kubwa. Chuo Kikuu cha Alabama leo kina wanafunzi wa nje wanaozidi nusu. Chuo Kikuu cha Michigan kilichoko Ann Arbor kinakaribia nusu. Huko California, mkaguzi wa hesabu za jimbo alitoa ripoti mwaka 2016 akikilaumu chuo kikuu kwa kulegeza vigezo ili kuingiza wasio wakazi, lawama ambayo chuo kiliikana. Kwa hiyo mtoto wa jimbo jingine hukutana na sura mbili. Kuna jimbo linalomwekea kikomo, na kuna jimbo linalomfungulia mlango kwa sababu ya pochi. Barua ya kukubaliwa kutoka jimbo la pili inaweza kuwa rahisi kupata na ngumu kuitumia.

Nimchukue mwanafunzi wa mfano, wala simsemi mtu yeyote halisi. Ni binti wa darasa la kumi na moja huko Lexington, Kentucky, mji ambamo Kiswahili kimekuwa lugha ya mtaani kwa sababu ya familia nyingi zilizotoka Kongo. Wazazi wake walifika kama wakimbizi na sasa wana kadi ya kijani. Baba anafanya kazi usiku kwenye ghala, mama anahudumia wazee. Binti ana alama A karibu kila somo, amechukua masomo machache ya AP, yale ya kiwango cha chuo, kwa sababu shule yake haina mengi, na kila Jumamosi anakwenda na bibi yake kliniki kutafsiri. Kwenye karatasi yake ameandika Los Angeles, Ann Arbor, Austin, Charlottesville na Chapel Hill. Vyote vitano ni vyuo vya umma na vyote vitano vina jina kubwa. Kwake yeye havifanani.

Los Angeles inaweza kumwangusha kabla insha yake haijasomwa. Chuo Kikuu cha California kinadai kozi 15 za sekondari katika makundi maalumu, na mojawapo ni mwaka mzima wa sanaa: muziki, uchoraji, maigizo au dansi. Shule za California hupanga ratiba zao kwa kufuata orodha hiyo, ilhali shule ya Kentucky haina sababu ya kuifuata. Wako wanafunzi hodari sana wa hesabu na kemia ambao darasa hilo moja la sanaa linawakwamisha, na hakuna aliyewaambia walipokuwa darasa la tisa. Wastani wa chini unaotakiwa kwa mkazi ni 3.0, kwa mgeni ni 3.4. Tena mgeni haongezewi alama kwa kozi za heshima (honors) zilizobuniwa na shule yake, huongezewa kwa AP na IB. SAT na ACT haziangaliwi kabisa, hivyo mtoto aliyetegemea mtihani umpandishe hana pa kuuonyesha. Baada ya yote hayo inakuja ada ya nyongeza kwa asiye mkazi, zaidi ya dola 34,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, na ruzuku za uhitaji za chuo chenyewe hazimhusu mgeni. Kwa familia inayoishi kwa kazi ya ghala na ya kuhudumia wazee, tarakimu ya pili ni sifuri. Ningemshauri aifute Los Angeles leo, na ada ya maombi ainunulie kitu kingine.

Ann Arbor ni ngumu kwa namna nyingine. Michigan ina mpango mzuri unaoitwa Go Blue Guarantee, unaofuta ada kwa familia za kipato cha chini na cha kati. Wazazi huusikia kwenye habari wakafurahi. Ni wa wakazi wa Michigan. Mgeni anakabiliwa na gharama ya mwaka, pamoja na malazi na chakula, inayozidi dola 75,000, na chuo hakijamwahidi kumzibia pengo lote. Anaweza kupata msaada, anaweza asipate. Austin nako, pamoja na mlango wake mwembamba, sioni sababu ya kumpeleka.

Charlottesville na Chapel Hill ndizo zinazonipa matumaini, na hapa ningependa mzazi asome polepole. Chuo Kikuu cha Virginia, ambacho takriban theluthi mbili ya wanafunzi wake ni wakazi, na Chapel Hill yenye kile kikomo cha asilimia 18, ni miongoni mwa vyuo vichache sana vya umma Marekani vinavyoahidi kutosheleza uhitaji wote wa kifedha wa mwanafunzi wa nchi hiyo, awe mkazi au awe wa jimbo jingine. Vinapoamua kumkubali haviangalii kama ana pesa. Chapel Hill ina mpango wa Carolina Covenant unaowalenga wanafunzi wa kipato cha chini ili wamalize bila madeni. Mkazi wa North Carolina hutozwa ada isiyofika dola 10,000 kwa mwaka na mgeni zaidi ya 40,000, lakini kwa binti wetu wa Lexington bei hiyo iliyobandikwa siyo atakayolipa. Kwake kinachobana pale ni kukubaliwa, kwa sababu kulipika kumeshahakikishwa. Nafasi moja kati ya kumi ambayo ikitokea inatumika ina thamani kuliko nafasi tatu kati ya kumi ambazo zikitokea hazilipiki.

Hapo ndipo huja jawabu ambalo nimelisikia mara nyingi: basi aombe vyuo kumi vigumu, hatakosa kimoja. Hesabu ya darasani inaonekana kuunga mkono. Nafasi ya asilimia kumi mara kumi, kila moja ikisimama peke yake, inatoa uwezekano wa asilimia 65 wa kupata angalau kimoja. Lakini maombi hayasimami peke yake. Ni faili lile lile, alama zile zile, insha ile ile, barua zile zile za walimu. Kilichowafanya wasomaji wa chuo cha kwanza wasite kinaweza kuwafanya wa cha pili wasite vile vile. Mtoto aliyeomba vyuo kumi vya namna moja anaweza kabisa kukataliwa na vyote kumi, na kila mwaka wapo. Vyuo vya kuongeza orodhani ni vile vinavyotazama mambo tofauti au vinavyotoka kundi tofauti la bei.

Sasa, faili lenyewe. Wanaosoma maombi hawalinganishi mtoto wa Lexington na mtoto wa shule ya kifahari ya Boston moja kwa moja. Shule hutuma waraka wake unaoeleza ina kozi gani, wanafunzi wangapi huendelea na chuo, alama zinagawanyikaje. Mwenye AP nne katika shule yenye AP tano amefanya zaidi ya mwenye AP sita katika shule yenye ishirini. Waraka huo huandaliwa na mshauri wa shule, na washauri wa shule za umma wamezidiwa: chama chao kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, wastani wa nchi unazidi 350, na shule za wahamiaji mara nyingi ndizo zilizobanwa zaidi. Mzazi asione haya kuomba miadi na mshauri huyo darasa la kumi na moja likiwa halijaisha, hata kama Kiingereza chake ni cha kubabaisha. Shule inayopokea fedha za serikali kuu ina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni wa shule kumtafuta, asiwe yule yule binti.

Suala la ukalimani lina nafasi katika fomu pia. Fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi hupokelea maombi, ina mahali pa kuandika shughuli kumi, na mojawapo ya aina za shughuli zinazokubalika ni majukumu ya familia. Watoto wetu huiacha nafasi hiyo wazi. Wanadhani shughuli ni mpira, kwaya, klabu ya mijadala. Saa sita kila wiki za kumpeleka bibi kliniki, kujaza fomu za bima, kulea wadogo mpaka baba aamke, hizo ni saa za kazi na wasomaji wanajua uzito wake. Zinaandikwa kwa idadi ya saa na wiki kama kazi nyingine yoyote.

Kuhusu insha nina neno zito kidogo. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Juni 2023, iliyovihusu Harvard na hiki hiki Chuo Kikuu cha North Carolina, vyuo haviruhusiwi kumpa mwombaji uzito kwa sababu ya rangi yake. Hukumu iliacha nafasi kwa mwombaji kueleza mwenyewe jinsi rangi hiyo ilivyogusa maisha yake. Matokeo yake, vijana wa familia za wakimbizi husukumwa na watu wazima wenye nia njema waandike kambi, njaa na vita, wakati mwingine vita ambavyo hawakuviona kwa sababu walizaliwa safarini au huku Marekani. Nalipinga hilo. Maneno 650 ya mtoto ni yake. Kama anachokipenda ni kutengeneza baiskeli au kuhesabu nyota, aandike hivyo, na habari za safari ya wazazi ziwekwe kwenye sehemu ya maelezo ya ziada kwa sentensi chache zilizo wazi. Msomaji atajua, na mtoto hatakuwa ameuza machozi ya nyumbani kwao.

Kuna njia za kando ambazo wengi hawazijui. Majimbo ya kusini yana mkataba uitwao Academic Common Market: mwanafunzi anayetaka fani isiyofundishwa katika jimbo lake anaweza kuisomea katika jimbo jingine lililomo, akalipa ada ya mkazi. Kentucky imo, Virginia imo, North Carolina haimo. Magharibi kuna mpango mwingine ambao mgeni hulipa si zaidi ya mara moja na nusu ya ada ya mkazi. Minnesota na Wisconsin zina makubaliano yao tangu miaka ya 1960, na familia za Kikenya zilizojaa Minneapolis zingefanya vema kuyasoma, kwa sababu Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Madison kinakuwa cha bei ya nyumbani. Mikataba hii inapunguza ada. Haimrahisishii mtu kukubaliwa. Kuhamia jimbo fulani ili kupata ukazi ni hadithi nyingine, na karibu daima huishia vibaya. Mahakama Kuu ilisema mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, kwamba jimbo haliwezi kumhesabu mwanafunzi kuwa mgeni milele bila kumpa nafasi ya kuthibitisha ukazi. Lakini majimbo yanaruhusiwa kudai muda na ushahidi, na kijana anayetegemezwa na wazazi huhesabiwa mkazi wa wanakoishi wazazi. Kulala bwenini mwaka mzima hakumfanyi kuwa mwenyeji.

Kwa mtoto asiye na hati za kuishi nchini, suala la jimbo ni zito mara dufu. California tangu 2001 humtoza ada ya mkazi aliyesoma sekondari zake kwa miaka mitatu, bila kuuliza hati. Texas ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka huo huo, lakini Juni 2025 serikali kuu iliishtaki, jimbo likakubali, na jaji akaizuia. Familia iliyo katika hali hiyo isijaze fomu yoyote ya serikali kabla ya kuzungumza na mwanasheria.

Vyuo binafsi vinavunja mpaka huu wote, kwa kuwa havina wenyeji. Bei ni moja kwa wa Lexington na wa Los Angeles, na vile vyenye akiba kubwa hulipia uhitaji wote. Mpango wa QuestBridge, ambao hufungwa mwishoni mwa Septemba, unawapokea wanafunzi wa kipato cha chini wanaosoma sekondari ndani ya Marekani hata kama si raia, na anayepangiwa chuo hupata ufadhili wa miaka minne. Huko huko Kenya, mpango wa KenSAP ulioanzia Iten mwaka 2004 umepeleka vijana wengi Marekani kwa njia hiyo hiyo ya vyuo binafsi, kwa sababu kwa mtoto wa Nairobi au Mwanza kila jimbo ni jimbo jingine, na chuo cha umma hakina wajibu wowote wa kumlipia.

Na binti wa Lexington asisahau kwao. Umbali usiofika saa moja kwa gari kuna Chuo cha Berea, kilichoanzishwa mwaka 1855 na watu waliopinga utumwa, ambacho hakijamtoza mwanafunzi ada tangu 1892 na ambamo kila mwanafunzi hufanya kazi angalau saa kumi kwa wiki. Jimbo lenyewe humwekea akiba ya KEES kwa kila mwaka wa sekondari kulingana na alama zake, na akiba hiyo hutumika hasa Kentucky. Ninakasirika ninapoona mtoto ameandika Ann Arbor na Los Angeles bila kuandika Berea, kisha anakosa vyote na kurudi kutafuta mkopo.

Orodha yangu kwake ingekuwa Chapel Hill na Charlottesville, QuestBridge pamoja na vyuo binafsi vinavyotosheleza uhitaji, Berea, na Chuo Kikuu cha Kentucky kama uhakika. Chapel Hill ina duru ya mapema katikati ya Oktoba na Virginia tarehe 1 Novemba. Vyote viwili huomba, zaidi ya FAFSA ambayo ni fomu ya serikali kuu ya msaada wa fedha, fomu ya CSS Profile, ambayo haitozwi ada kwa familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000. Kabla ya kuomba popote, afungue kikokotoo cha gharama halisi ambacho sheria inakitaka kwenye tovuti ya kila chuo, akae na baba na karatasi ya kodi, waingize tarakimu za kweli. Takwimu za udahili kwa ukazi zimo katika waraka uitwao Common Data Set, ambao vyuo vingi huuchapisha.

Barua za msaada wa fedha zikifika, mzazi apige mstari chini ya maneno mawili tu: ruzuku na mkopo. Ruzuku hutolewa kwenye bei, mkopo hautolewi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemezwa anaweza kukopa serikalini dola 5,500 kwa jina lake. Kinachozidi hapo huja kwa jina la baba au mama, kupitia mkopo wa Parent PLUS, ambao kuanzia Julai 2026 kwa wakopaji wapya una ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Kama pengo la chuo cha jimbo jingine linazidi kiasi hicho, kinachobaki ni benki binafsi yenye riba yake. Kabla ya kufika huko mzazi ana haki ya kuandikia ofisi ya msaada wa fedha kuomba barua ipitiwe upya, akiambatisha hati za mishahara iliyopungua au gharama za matibabu, na afanye hivyo kabla ya tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi hudai jibu.